Maji ya Siku Moja Olbalbal

Shamba la kahawa, juu ya Karatu,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka yangu mpendwa Mukhandi,

Shikamoo kaka. Nakupa shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya miezi yote niliyokaa kimya kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Habari za hapo nyumbani? Mama kifua kinamruhusu kulala? Shemeji na watoto wazima? Na yule dume mweusi aliyekuwa anachechemea, mguu ulipona au mlimla? Niandikie kila kitu, hata mambo madogo, maana huku hata kusikia kwamba kuku ametaga kwa Mama ni habari njema.

Mimi mwili ni mzima. Sabuni hakuna, sukari tunaisikia redioni, unga ni ule wa njano wa duka la kaya, ukiusonga unakataa kushikana. Tunakula hivyo hivyo. Barua yako ya tatu niliipata, ile uliyouliza kama nimeoa huku nikasahau watu. Sijaoa, kaka. Nimefanya jambo jingine, na ndilo lililonifunga mkono nisiandike. Naomba barua hii uisome peke yako kwanza, halafu Mama umsomee mwanzo na mwisho tu.

Unamkumbuka yule rafiki yangu Mmasai, Sendeu? Nilikuandikia habari zake. Mimi hapa shambani naendesha boza, lile lori lenye tangi mgongoni, la kumwagilia miche ya kahawa. Mwaka juzi nilitumwa na lori jingine la shamba kupeleka mzigo Wasso, ekseli ikakatika kule Olbalbal, uwanda mkavu ulioko chini ya milima, vumbi mpaka kwenye meno. Karani niliyekuwa naye akadandia gari la kurudi Karatu kutafuta kipuri, nikabaki na lori siku nne. Sendeu alinikuta nimekaa chini ya bodi, akanichukua kwake. Akanilaza, akaninywesha maziwa pamoja na wanawe, na siku ya kuondoka akanipa kondoo. Kwao mtu akikupa kondoo, jina lako linakufa kati yenu wawili. Anakuita Paker, yaani mtu wa kondoo, nawe unamwita Paker, mpaka mmoja azikwe. Nilicheka, nikadhani ni utani. Si utani hata kidogo.

Sasa sikia habari ya akina mama.

Mwenye shamba hili anakaa Arusha mjini. Mkewe ni mwenyekiti wa kamati ya akina mama wenye nafasi zao, inaitwa Tone la Huruma. Yumo mke wa mwenye mabasi, yumo mke wa mkubwa mmoja wa ofisini, na yumo mama mmoja wa Kizungu anayelia upesi. Kazi yao ni kusaidia watu. Mwaka mmoja walikwenda shule moja huku juu kuwafundisha watoto umuhimu wa kula mboga. Shule ikawapa zawadi, kama ilivyo desturi kwa wageni, wakarudi Arusha na mboga zote za bustani ya shule pamoja na jogoo wawili. Watoto waliimba mpaka magari yakapotea barabarani.

Basi siku moja akina mama hawa walikwenda kreta, kwenye lile shimo kubwa la wanyama, kula chakula chao cha matembezi. Wakiwa njiani wakamwona mama wa Kimasai na punda wake na madebe, anatafuta maji. Dereva wao ndiye aliyenisimulia. Anasema Mama Mwenyekiti alisimamisha gari, akashuka, akampa yule mama nusu ya keki, akapanda garini, akalia mpaka wanja ukamchuruzika. Huyo mama akabaki barabarani ameshika keki, na maji hana.

Pale pale kamati ikaapa kuleta maji Olbalbal. Wakafanya dansi ya hisani mjini, nyama choma na bendi. Walicheza kwa ajili ya kiu mpaka asubuhi. Bendi ikalipwa, ukumbi ukalipwa, nyama ikalipwa, na kilichobaki kikatosha tangi la saruji na koki moja.

Mimi ndiye niliyepeleka saruji. Fundi alikuwa Gwandu, Mwiraqw wa Kansay, mzee wa maneno machache ambaye akijenga ukuta unasimama. Mama Mwenyekiti alikuja kukagua na kofia yake ya ukili. Gwandu akamwuliza kwa heshima:

"Mama, maji yataingilia wapi? Sijaletewa bomba."

Mama akatazama karatasi yake. "Hilo ni awamu ya pili, fundi."

"Na birika la kunyweshea ng'ombe?"

"Awamu ya pili."

"Samahani Mama, basi hii awamu ya kwanza ni ya nini?"

"Ya uzinduzi," akasema, bila hata kupepesa macho.

Koki yenyewe ilitoka Arusha imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Ya manjano, inang'aa, ile ya kunawia uso bafuni. Halafu likaja kopo la rangi nyekundu, na majina ya wanakamati yakaandikwa ukutani makubwa kwa madogo kufuata vyeo vya waume zao. Rangi ikaisha kabla ya jina la Olbalbal kuandikwa.

Sasa tangi lipo, maji hakuna, na mgeni rasmi anakuja Jumamosi. Alhamisi Meneja wa shamba akaniita ofisini. Akaniambia nijaze boza maji ya kijito chetu, niyapeleke Olbalbal safari mbili, niyamwage ndani ya tangi kabla watu hawajakusanyika. Akasema, "Ntandu, wewe ni mtu mzima. Hii ni aibu ya tajiri wetu. Mdomo wako ukifunguka, kazi yako imefungwa." Miche ya kahawa ikaachwa na kiu yake, nikaondoka. Meneja akapanda na mimi, eti kuangalia matayarisho. Mimi najua alikuja kuulinda mdomo wangu.

Tukapanda mpaka ukingoni mwa kreta kwenye ukungu na baridi, tukateremka upande wa pili kwenye jua. Huko chini tukakuta watu wanahama. Mwaka huo mvua ilikuwa imewaruka kabisa. Wanawake, punda, ng'ombe wametokeza mbavu lakini bado wanatembea, wanaelekea kwenye chemchemi za msituni huko juu. Ni mwendo wa siku tatu na mifugo. Na hapo barabarani, pembeni, amesimama Sendeu peke yake. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikasimamisha lori. Akashika mlango, tukasalimiana Kimasai.

"Paker, supai."

"Ipa, Paker."

"Nimeletewa habari kwamba Jumamosi watu wote wapeleke ng'ombe kwenye tangi. Ni kweli?"

Ni kweli, kaka. Mpiga picha wa kamati alikuwa amesema picha ya Wamasai bila ng'ombe haina maana, kwa hiyo tarishi alitumwa kwenye maboma kuwaita.

Sendeu akaendelea, taratibu, kama mtu anayekanyaga mahali asipopaamini. "Jirani yangu amehama leo asubuhi. Ng'ombe wangu bado wana nguvu, siku tatu wataziweza. Nikikaa juma moja hawataziweza tena. Paker, wewe ndiwe mtu wa maji. Hayo maji yapo, au ni ya siku ya wageni tu?"

Angalia swali hilo, kaka. Angeuliza vibaya kidogo tu ningepata pa kujificha. Aliuliza sawasawa.

Akatupia jicho mgongoni mwa lori. "Na hili limebeba nini?"

"Maji ya kusuuzia tangi," akadakia Meneja, akakohoa, akanitazama.

Nikafikiria kazi yangu. Sitakudanganya kwamba nilifikiria jambo jingine. Nilifikiria kurudi hapo Singida na sanduku kichwani, wewe na Mama mnanitazama. Nikasema, "Yapo, Paker."

Uso wake wote ukalegea. Akatema mate kidogo kiganjani, akanipa mkono. Kwao hiyo ni baraka, mtu hapewi ovyo. Akaondoka mbio kumzuia mkewe asifungue mizigo ya punda, maana walikuwa wamekwisha funga kila kitu. Nadhani nimeliandika vibaya, nimechanganya. Walikuwa wamefunga mizigo tayari kwa safari, na yeye akaenda kuwaambia waifungue.

Jumamosi ikafika. Turubai, viti, maua ya karatasi yamefungwa kwenye ile miti ya miiba. Mgeni rasmi akakata utepe. Mama Mwenyekiti akasoma risala kurasa saba, akataja neno huruma mpaka nikaacha kuhesabu. Koki ikafunguliwa, maji ya kijito chetu yakatoka, vigelegele. Mama akajaza glasi, akaonja, akasema "Ya baridi!" akamwaga yaliyobaki. Halafu akina mama wote wakanawa vumbi, mikono, uso, na mmoja akasafisha viatu. Mama wa Kizungu akalia.

Baadaye wakagawa zawadi. Kila Mmasai alipewa kikombe cha plastiki chekundu kilichoandikwa Tone la Huruma. Wakati huo ng'ombe wamekwisha fika, mamia, na ng'ombe si mtu wa kungoja risala. Wewe unajua, akinusa maji baada ya siku nyingi hana masikio tena. Birika hakuna. Mzee mmoja akajaza kikombe chake akampelekea fahali wake mdomoni, fahali akakitafuna. Mpiga picha akapiga kelele, "Rudia! Mzee, rudia!" Wengine wakaanza kulamba ukuta wa tangi pale saruji ilipokuwa na unyevu, wakalamba hata majina. Mama Mwenyekiti akapiga makofi. "Angalieni wanavyofurahi!"

Gwandu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Huyo anayelamba ukuta ndiye mgeni rasmi." Nilicheka, kaka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti.

Kabla ya neno la shukrani, koki ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Wanawake wenye madebe walikuwa hata nusu yao hawajaifikia. Mama Mwenyekiti akaigonga koki kwa kidole chenye pete, akatangaza kwamba tangi limechoka kwa sababu ni jipya, maji yatarudi. Na mimi naamini hakudanganya. Nyumbani kwake ukifungua koki maji yanatoka, ukifunga yanalala. Hajawahi hata siku moja kuuliza yanatoka wapi. Mimi ndiye niliyejua yanatoka wapi.

Tukapewa pilau. Nikala. Sendeu alikuwa upande wa pili na ng'ombe wake, akaniinulia mkono, akaonyesha tangi, akaonyesha mkono wazi, yaani sasa itakuwaje? Ningeweza kuvuka pale, hatua arobaini hivi, nimwambie aanze safari jioni ile ile. Ng'ombe wake walikuwa bado wanasimama wenyewe. Meneja alikuwa ananitazama na mfupa mdomoni. Nikamwinulia Sendeu mkono, kama kusema subiri. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, kuliko hata lile neno la barabarani. Nilimwambia subiri.

Akasubiri. Alikaa pale tangini siku sita, ng'ombe wamelala wameegemea ukuta. Alipoamua kupanda, ilikuwa kama alivyosema mwenyewe, hawakuweza. Niliwaona baada ya majuma matatu nilipotumwa kurudisha viti vilivyosahaulika. Walianguka mmoja mmoja kwenye ule mpando wa kuelekea chemchemi, njia nzima, wote wameelekeza pua mlimani. Niliwatambua kwa alama ya masikio. Mmoja alikuwa yule ng'ombe mwenye madoa niliyekuwa nakunywa maziwa yake. Nikazima injini nikalia peke yangu ndani ya lori. Jirani yake, yule aliyehama Alhamisi, mpaka sasa anakamua.

Nikadhani sitamwona Sendeu tena, na nilikuwa naomba iwe hivyo. Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, nikamkuta kwenye foleni ya vibarua, amesimama kati ya Wagogo na watu wetu wa Singida, shuka lake limepauka, kapu mkononi. Watu wanamcheka, Mmasai anachuma kahawa! Mkewe amerudi kwa baba yake na watoto, kwa sababu kwake hakuna tena maziwa ya kuwapa. Aliponiona alinichangamkia. "Paker!" Akasema ni Mungu, Mungu hakuleta maji. Nikasema ndiyo, Mungu. Nikampa blanketi langu na nafasi chumbani kwangu, na miezi miwili tukalala kuta mbili za chumba kimoja, mimi na neno langu tumboni. Alikuwa anaoka viazi ananiachia vikubwa.

Halafu kamati ikarudi. Walikuwa wamepata habari kwamba punda wanajikuna kwenye tangi na majina yanafutika. Wakapita shambani kwa chai, Mama Mwenyekiti akamwona Sendeu kati ya mibuni na kapu lake, akashika kifua. "Mmasai huyu anafanya nini hapa? Maskini!" Akauliza kwao wapi. Olbalbal. Akageukia wenzake macho yanang'aa. Pale pale wakamwajiri. Mlinzi wa tangi. Wakampa koti la mvua, filimbi, na tochi isiyo na betri. Wakampiga picha katikati yao. Mama akamwambia, "Sasa una kazi karibu na maji yako." Sendeu akasema asante. Ndivyo alivyosema, kaka. Asante, Mama.

Nikaambiwa nimpeleke mimi. Boza tupu, yeye pembeni yangu amevaa koti la mvua kwenye jua lile. Tulipofika kwenye ule mpando, mifupa bado ipo pembeni, myeupe. Sendeu alikuwa anaitazama mmoja mmoja, nadhani anaitaja kwa majina moyoni. Hapo nikashindwa.

"Paker," nikasema, "siku ile nilijua. Yale maji niliyaleta mimi. Yalikuwa ya siku moja."

Akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha. Akashuka akatembea mbele ya lori, mbali, nikadhani ndiyo anakwenda zake, na mimi ningefurahi anipige hata rungu. Akasimama kwenye mifupa ya yule mwenye madoa. Muda mrefu. Halafu akarudi, akapanda, akafunga mlango taratibu.

"Yule mama sikumwuliza," akasema. "Nilikuuliza wewe."

Nikamwambia nitalipa. Kwetu mtu akiua mifugo ya mwenzake analipa, hata kwao ni hivyo. Akaniuliza, "Una ng'ombe?"

Kaka, unajua jibu. Wale wangu wawili, uliniandikia kwamba ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliwamaliza. Nikamwambia sina.

"Basi endesha, dereva. Leo ndiyo naanza kazi."

Dereva. Nikaendesha.

Ndiyo maana siji nyumbani mwaka huu. Usinitumie ushauri, na tafadhali usiniambie kwamba kosa ni la matajiri, nimejaribu kujiambia hivyo na haisaidii. Kama akina baba wakubwa hapo wana njia ya kusuluhisha jambo la namna hii wakati mkosaji hana hata mbuzi, waulize bila kutaja jina langu, uniandikie. Kila Jumatano naenda Olbalbal. Kwa amri ya Meneja nampelekea mlinzi wa maji debe moja la maji ya kunywa. Awamu ya pili bado inacheza dansi huko Arusha.

Mama mwambie nakula, navaa, kanisani sikosi. Shemeji mpe pole ya kazi za shamba. Shangazi wa ng'ambo ya bonde mpe shikamoo yangu na umwambie mguu wangu hauumi tena. Mwalimu aliyenifundisha kuandika mwandiko huu mwambie hauharibiki. Watoto wasalimu mmoja mmoja, na mdogo kabisa mbusu, kwa kuwa bado hajajua kuuliza ami yake anafanya kazi gani.

Katika barua zangu zote, hapa mwishoni huwa naandika kwamba Sendeu anakusalimu. Jumatano hii nilimwambia, nitamwandikia kaka yangu Jumapili, una neno la kumpelekea? Alikuwa anafagia vumbi kuzunguka tangi, maana wageni wanakuja mwezi ujao. Nikauliza tena. Akaendelea kufagia.

Ni mimi mdogo wako,
Ntandu.